Baiskeli ya shemeji na mlima wa Amani: pesa kidogo ianzie wapi?

Swali: Nipo Makorora, Tanga. Shemeji ameniazima baiskeli yake ya milima, ya zamani, inchi 26, gia 21. Ilikaa stoo miaka mingi. Mimi na wenzangu wanne tumepanga kupanda Amani kutokea Muheza baada ya wiki tatu na kushuka siku hiyo hiyo. Breki zinashika kidogo sana, gurudumu la nyuma linacheza ukilitikisa kwa mkono, na cheni inaruka nikikanyaga kwa nguvu. Nina shilingi 60,000 tu. Nianze na kipi? Au nisubiri mpaka nipate baiskeli mpya?

Jibu: Usisubiri mpya, ndugu yangu. Baiskeli ya inchi 26 yenye gia 21 inatosha kabisa kwa Amani, na mchezo huu wenyewe ulizaliwa kwenye vyuma vizee. Miaka ya 1970 vijana wa Marin, California, akina Joe Breeze, Gary Fisher na Charlie Kelly, walikuwa wakifufua baiskeli nzito za zamani na kuteremka nazo milimani. Breki yao ilikuwa ile ya kukanyaga pedali kinyumenyume. Kwenye njia moja karibu na mji wa Fairfax, habu, yaani kitovu cha gurudumu, ilipata joto mpaka grisi ya ndani ikaungua, ikabidi ifunguliwe na kujazwa upya baada ya kila mteremko. Ndiyo maana njia ile ikaitwa Repack, na mashindano ya kwanza yakafanyika hapo Oktoba 1976. Kilichowashinda wale si kupanda. Kilikuwa kusimama. Kwetu husema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, na Amani ni mchongoma wa kweli: mji wa Tanga uko usawa wa bahari, Amani iko mita 900 hivi juu, na sehemu kubwa ya kimo hicho unaipanda kwa kona kali ukishaipita Sigi, penye lango la hifadhi.

Kwa hiyo shilingi zako zipangwe hivi: breki kwanza, gurudumu la nyuma pili, cheni mwisho. Nafahamu cheni ndiyo inayokukera kila siku. Lakini cheni ikiruka utashuka usukume, basi. Waya wa breki ukikatika kwenye kona, upande mmoja ukuta wa udongo na upande mwingine bonde, huna pa kujishika.

Kabla hujafungua hata nati moja, zungumza na shemeji. Mwambie unachotaka kubadilisha, na mkubaliane kama vipuri vipya vitabaki kwenye baiskeli au utavivua. Vya zamani vyote viweke kwenye mfuko umrudishie, hata kama ni raba zilizokwisha. Usikate, usitoboe, usichomelee chochote. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na baiskeli ya kuazima ikiharibika njiani inavunja zaidi ya safari.

Halafu kagua. Ukaguzi huu hauna gharama, ila unaamua kama utatumia pesa au utairudisha baiskeli. Ioshe kwa ndoo, sabuni na kitambaa, usipeleke kwenye mashine ya kuoshea magari, maana maji yale ya kasi yanasukuma mchanga ndani ya beringi. Ikauke, kisha igeuze miguu juu mahali penye mwanga wa jua.

Anza na fremu. Angalia chini ya bomba la chini, sentimita chache nyuma ya pale linapoungana na kichwa cha usukani. Baiskeli iliyowahi kugonga kitu uso kwa uso huacha alama hapo: rangi iliyokunjamana kama ngozi ya goti, au kivimbe kidogo unachokisikia kwa kidole kabla ya kukiona. Ukikuta hivyo, mrudishie shemeji, na umwonyeshe. Kisha angalia kuzunguka ekseli ya pedali, pale nguzo ya siti inapoingia, na kwenye masikio yanayoshika gurudumu la nyuma. Mchubuko na ufa hufanana, lakini hupimwa kwa ukucha. Pitisha ukucha kukatiza mstari: mchubuko unateleza, ufa unaukamata ukucha, na mara nyingi una kutu nyembamba inayochungulia. Fremu ya chuma yenye ufa huchomelewa, ila si kwa safari hii na si kwa baiskeli ya mtu. Fremu ya alumini isichomelewe mtaani kabisa, kwa sababu joto la kuchomelea linaua ugumu wa alumini kuzunguka ile sehemu na inakatika jirani yake. Kama hujui ni chuma au alumini, chukua sumaku ya spika mbovu: ikishika, ni chuma.

Hewa yetu ya pwani ina chumvi, na chumvi hula fremu ya chuma kutokea ndani. Chomoa nguzo ya siti, mulika tochi ndani ya bomba. Kutu ya unga juu juu si tatizo. Magamba yanayodondoka ukigonga kwa mpini wa bisibisi ni tatizo. Kama nguzo imegoma kutoka, usiipige nyundo. Imiminie mafuta ya kulegeza kutu kwenye maungio, iache usiku kucha, kesho yake zungusha siti kushoto na kulia ukivuta juu. Ikitoka, ipake grisi kabla ya kuirudisha. Nguzo ina mstari ulioandikwa kiwango cha mwisho cha kuinua. Mstari ule usionekane nje, hata kama wewe ni mrefu kuliko shemeji.

Baiskeli nyingi za aina hii zina shokapu mbele. Angalia ile miguu inayong'aa: kama ina kutu, au ukikandamiza inabaki chini, mpira wa kuzuia vumbi umeshakufa na ndani kuna tope. Usiweke hata shilingi moja hapo. Kama ina vifundo vya kukazia juu, kaza mpaka mwisho, iendeshe kama uma mgumu. Muhimu ni kwamba haichezi: bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma huku kidole kikiwa kwenye maungio ya kichwa cha usukani. Ukisikia "tak, tak" hapo kichwani, beringi za usukani zimelegea, na fundi anazikaza kwa dakika 10. Ukisikia mchezo mkubwa kwenye miguu ya shokapu yenyewe, hilo halina dawa ya bei nafuu.

Cha mwisho kwenye ukaguzi ni rimu, na hapa wengi hukosea. Breki za raba husugua ukingo wa rimu, na kila tone la tope ni msasa. Miaka ikipita ukuta wa rimu huwa mwembamba na kujipinda kwa ndani kama sahani. Weka rula wima juu ya ukingo pale raba inaposhika, itazame dhidi ya mwanga. Pengo la karatasi si kitu. Pengo la milimita moja, au mtelezo unaousikia kwa kucha, ni ishara kwamba ukuta uko karibu kupasuka, na ukipasuka hupasuka wakati wa kubana breki na upepo mwingi ndani ya tairi. Kama ni rimu za chuma zinazong'aa kama kioo, hizo haziliwi haraka, ila zikilowa breki zake hushika vibaya mno. Kwa baiskeli yenye rimu hizo, usishuke Amani kwenye mvua. Sema mapema na wenzako, si mkiwa juu.

Sasa breki. Vitu vya kununua ni vitatu tu: nyaya mbili za breki, maganda yake, na jozi mbili za raba. Nyaya mpya ni lazima hata kama za zamani zinaonekana nzima, kwa sababu waya hukatika ndani ya mkono wa breki, pale kwenye kichwa chake, mahali usipopaona. Waya wa breki una unene wa milimita 1.5 au 1.6. Wa gia una 1.1 au 1.2. Kuna mafundi wanaokufungia wa gia kwenye breki kwa sababu ndio uliopo dukani. Kataa.

Kama breki zako ni zile zenye mikono miwili mirefu iliyosimama na waya unaopita juu kwa mlalo, hizo ni V. Za zamani zaidi zina mikono mifupi iliyotanuka na waya wa pembetatu juu ya tairi. Aina hizi mbili hazitumii mkono mmoja wa usukani. Mkono wa V unavuta waya mrefu zaidi; ukiufunga kwenye breki za pembetatu, utasikia ugumu mzuri mkononi lakini raba hazibani rimu kwa nguvu. Ukifanya kinyume, mkono utagusa usukani kabla breki haijashika. Inawezekana kabisa udhaifu wa breki zako umetokana na fundi wa zamani aliyechanganya. Angalia kabla ya kununua.

Kufunga raba ni kazi ya subira. Futa rimu kwa kitambaa chenye spiriti mpaka kitambaa kitoke safi. Fungua nati ya raba, sogeza raba iguse katikati ya ukingo wa rimu. Ikipanda ikigusa tairi, italikata tairi ubavuni ndani ya mteremko mmoja. Ikishuka chini ya rimu, siku moja itazama na kuingia kwenye spoku. Halafu mbinu ya kuzuia kelele: kunja kipande cha kadi ya vocha kiwe unene wa milimita moja, kiweke chini ya ncha ya nyuma ya raba, bana breki, kaza nati, chomoa kadi. Sasa ncha ya mbele inagusa kwanza na breki hailii. Kata maganda mapya kwa koleo kali, ncha iwe bapa. Ncha iliyobanwa inakula nusu ya nguvu ya mkono wako. Tia tone la mafuta ndani ya ganda kabla ya kupitisha waya.

Ukimaliza kufunga, simama kando ya baiskeli na ubane kila breki kwa nguvu zako zote mara 10. Waya utajinyoosha, maganda yatajikalia, na kama kuna kitu cha kukatika kikatike nyumbani. Kaza tena. Breki iliyokaa vizuri inashika kwa ukamilifu mkono ukiwa bado sentimita 3 hivi kutoka kwenye usukani. Breki ya nyuma ikiwa ngumu kama imejaa mchanga hata baada ya waya mpya, tatizo huwa kwenye kona ya ganda karibu na breki yenyewe. Usilifanye liwe fupi mno.

Na jambo moja la kuzoea kabla ya safari: fuata waya kwa kidole ujue mkono upi ni wa mbele. Baiskeli za mtumba kutoka Japani na Uingereza mara nyingi breki ya mbele iko kulia. Zilizotoka Ujerumani au Uholanzi huwa kushoto. Kama umezoea kulia ndiyo nyuma na shemeji ana kulia ndiyo mbele, siku ya woga mkono utafanya ulichozoea, na utapitia juu ya usukani. Ama uzoee kwa wiki tatu hizi, ama mkubaliane na shemeji nyaya zibadilishwe upande.

Gurudumu la nyuma. Kucheza kuna sababu tatu na ni lazima ujue ni ipi. Shika tairi juu, tikisa kushoto na kulia. Gurudumu zima likicheza pamoja na habu, ni koni zilizolegea, yaani zile nati za kwenye ekseli zinazobana gololi, au ekseli iliyokatika. Rimu peke yake ikiyumba, ni spoku. Kama ni ile friwili tu, yaani fungu la meno, linalocheza kidogo lenyewe wakati gurudumu limetulia, hilo ni la kawaida, liache.

Kwenye baiskeli za gia 18 na 21 zenye friwili ya kufungwa kwa nyuzi, ekseli ndiyo mgonjwa wa kudumu. Sababu ni umbo lake: gololi za upande wa cheni ziko ndani, nyuma ya friwili, kwa hiyo kipande kirefu cha ekseli kinaning'inia bila kushikwa mpaka kwenye sikio la fremu. Uzito wako na mashimo yanaikunja hapo. Ekseli yenye tundu katikati, ya kufunga kwa mkono wa kukunja, hukatika zaidi, na inaweza kukatika vipande viwili ukaendelea kuendesha bila kujua kwa sababu ule msumari wa ndani unavishikilia. Toa gurudumu, chomoa msumari. Ekseli iliyokatika itatoka mkononi mwako yenyewe. Iliyopinda, ukiizungusha kwa vidole ncha yake inachora duara.

Ikiwa imepinda au imekatika, usitafute ileile. Mwambie fundi aweke ekseli nzima isiyo na tundu, ya milimita 10, yenye nati za spana namba 15 pande zote. Ni imara zaidi na ndiyo inayopatikana kirahisi. Pima nafasi kati ya masikio ya fremu kwa ndani, kwa kawaida ni milimita 130 au 135, na ekseli iwe ndefu zaidi ya hapo kwa milimita 40 hivi ili nati na washa zikae.

Fundi akishafungua, kaa naye. Si kumpeleleza, ni kuhakikisha gololi zinabadilishwa zote, maana ndicho kipuri cha bei ndogo kuliko vyote kwenye baiskeli na ndicho kinachorukwa. Nyuma ni gololi 9 kila upande, za robo inchi. Mbele kwa kawaida ni 10 kila upande, ndogo zaidi, za 3/16 ya inchi. Kikombe cha gololi ndani ya habu kifutwe mpaka king'ae, kijazwe grisi mpya, gololi zipangwe, koni ifungwe. Itazame koni ile njia inayopita gololi: ikiwa laini kama kijiko, nzuri. Ikiwa na vishimo vishimo kama uso wa ndui, ibadilishwe pia, la sivyo itasaga gololi mpya kabla hujafika Pongwe. Koni hukazwa mpaka mchezo uishe, kisha ekseli ijaribiwe kwa vidole: izunguke bila kukwaruza. Kama gurudumu ni la mkono wa kukunja, acha mchezo wa unywele, maana ukifunga mkono ule ekseli inabanwa na mchezo unaisha wenyewe. Mkono huo unafungwa kwa kukunja, hauzungushwi kama nati. Uanze kuwa mgumu ukiwa umesimama wima kwenda nje, na ukiumaliza uache alama kwenye kiganja.

Spoku zigonge moja moja kwa kucha ukizunguka gurudumu. Zinazolia "tik" zimekaza, zinazolia "tup" zimelegea. Upande wa cheni huwa na sauti ya juu zaidi, hilo lisikutie shaka. Fundi mzuri atanyoosha rimu mpaka iyumbe chini ya milimita 2 kwenye raba za breki. Hakuna haja ya kukimbizana na zaidi ya hapo kwa rimu ya zamani.

Tairi na upepo. Kama matairi yana nyufa ubavuni ukiyakunja kwa dole gumba, utanunua tairi, na hapa kuna mtego. "Inchi 26" si kipimo kimoja. Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi. Baiskeli ya milima ni 559, kwa mfano 50-559. Baiskeli za mama za mtumba kutoka Japani zimeandikwa 26 x 1 3/8 na namba yake ni 590: tairi lake ni kubwa kwa milimita 31 na halitakaa kwenye rimu yako hata mkivutana nalo siku nzima. Na la Phoenix la inchi 28 ni 635. Nenda na namba, usiende na jina. Ukiwa na pesa ya tairi moja tu, jipya liende mbele. La nyuma likiteleza unalihisi na unajiokoa, la mbele likiteleza umeshalala chini.

Kwa mtu wa kilo 60 hadi 75 na tairi la upana wa inchi 2, weka psi (kipimo cha upepo kwenye pampu) 30 mbele na 35 nyuma. Wengi Tanga hujaza tairi likawa gumu kama jiwe, na kwenye mawe ya mlimani tairi gumu linarukaruka badala ya kushika. Likiwa laini mno nalo, rimu inaigonga tyubu kwenye jiwe na kuacha matundu mawili sambamba kama meno ya nyoka. Ukiona matundu ya namna hiyo, ongeza upepo, usilaumu tyubu. Usijaze kwenye kompresa ya magari ukiwa umeshikilia tu: tyubu ya baiskeli ni ndogo, inapasuka ndani ya sekunde chache. Jaza kwa kugusa na kuachia. Na ujue valvu yako ni ya aina gani, nene kama ya gari, nyembamba yenye kinati juu, au ile ya Phoenix, halafu hakikisha pampu mtakayobeba inaikubali. Watu watano wenye pampu moja isiyoingia kwenye valvu ya mmoja wao ni jambo linalotokea sana.

Mkipita kwenye njia za mashamba ya mkonge wakati wa mazoezi, ombeni ruhusa kwanza, na muwe macho na majani yaliyokatwa. Jani la mkonge lina mwiba mmoja mweusi kwenye ncha, mgumu kama sindano ya gunia. Usiuchomoe ukiwa unaendesha. Ukishauchomoa, zungusha tairi mpaka tundu lipatikane kwa mate, weka alama, toa tyubu, ikwangue kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka, paka solusheni nyembamba, subiri dakika 5 mpaka isinate kwenye kidole, kisha bandika na kandamiza kwa nguvu. Kiraka kinachong'oka karibu kila mara kimebandikwa solusheni ikiwa bado mbichi. Na kabla ya kurudisha tyubu pitisha vidole polepole ndani ya tairi lote, maana ncha ya mwiba hubaki humo.

Sasa cheni yako, kwa pesa itakayobaki. Kwanza ipime. Chukua futi ya chuma ya seremala, weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu pini 24 mbele. Cheni mpya inatoa milimita 305 kasoro kidogo. Ikifika 306.5 inakaribia kuchoka. Ikifika 308 imekwisha, na imeshayala meno ya friwili pia. Ukiweka cheni mpya kwenye meno yaliyoliwa, itaruka vibaya kuliko sasa. Ndiyo maana watu wananunua cheni, inaruka, wanasema ni feki.

Lakini angalia jambo hili, linaweza kukuokolea pesa yote. Inaruka kwenye gia zipi? Baiskeli iliyotumika mjini, kwenye tambarare ya Tanga, imeliwa meno madogo ya nyuma. Meno makubwa, yale ya kupandia, mara nyingi hayajaguswa. Jaribu mbele meno madogo, nyuma makubwa, tafuta mwinuko, ukanyage kwa nguvu. Isiporuka hapo, acha kila kitu kama kilivyo, osha cheni kwa mafuta ya taa na brashi ya meno, ikauke, tone moja la oili mpya ya injini kwenye kila kiungo, halafu ifute nje mpaka isichafue kidole. Oili iliyotoka kwenye injini ina chembe za chuma, mafuta ya kupikia yanaganda kama gundi. Ikiruka kwenye gia zote bila cheni kupanda juu ya meno, na pedali inadondoka ghafla chini ya mguu, tatizo ni makucha ya ndani ya friwili. Hiyo ibadilishwe, na cheni ibadilishwe nayo siku hiyo hiyo. Cheni ya gia 6, 7 au 8 za nyuma ni ileile, usilipe zaidi kwa ajili ya jina.

Simama nyuma ya baiskeli utazame mkono wa gia wa nyuma, ule unaohamisha cheni. Uning'inie wima, sambamba na gurudumu. Kama ncha ya chini imeingia kwa ndani, baiskeli iliangukia upande huo, na ukiweka gia nyepesi kabisa mlimani mkono utaingia kwenye spoku, ukavunja mkono, spoku na labda fremu. Kuna skrubu mbili ndogo zenye herufi H na L. Ile ya L ndiyo inayozuia cheni isivuke meno makubwa kwenda kwenye spoku. Ikaze mpaka cheni ikatae kupanda meno makubwa, kisha ilegeze robo robo mpaka ipande bila kusita, uishie hapo.

Kuhusu uzito wa kupanda usiwe na hofu. Meno 28 mbele na 28 nyuma yanakusogeza mita 2 hivi kwa mzunguko mmoja wa pedali. Kwa mizunguko 60 kwa dakika huo ni mwendo wa kilomita 7 kwa saa, ambao mtu wa kawaida anaweza kuuvumilia. Kama kuna mwenzenu mwenye Phoenix ya gia moja, kwake kila mzunguko ni zaidi ya mita 5. Huyo atasukuma vipande virefu, na msafara umsubiri.

Kofia ngumu ya kuazima ikaguliwe ndani: lile povu likiwa na ufa wowote au sehemu iliyobonyea, imeshafanya kazi yake, haifanyi tena. Ukikosa ya baiskeli, ya bodaboda iliyo nzima ni nzito na ya joto, ila ifungwe nyuma mkipanda na ivaliwe mkishuka.

Mbebe kwa pamoja: tyubu moja kwa kila mtu, viraka na solusheni isiyofunguliwa, alenki namba 4, 5 na 6, spana ya 15, waya mmoja mrefu wa breki ya nyuma, ambao ukikatwa unafaa mbele pia, na vipande virefu vya tyubu kuukuu vya kufungia chochote. Maji lita 2 au 3 kila mmoja. Pesa ya lango la hifadhi pale Sigi iwe kando. Hifadhi iko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na kiingilio mkiulizie kabla ya siku yenyewe.

Wiki moja kabla, nenda na baiskeli mpaka Mapango ya Amboni na kurudi, kilomita 16 hivi kwa jumla. Njiani bana breki kwa nguvu mara nyingi, badilisha gia zote. Ukirudi, kaza tena nati za ekseli, mikono ya pedali na nyaya, maana vipuri vipya vyote hulegea kidogo katika kilomita za kwanza. Kumbuka pedali ya kushoto hukazwa kinyume na saa. Ukiizungusha kama ya kulia utaharibu nyuzi za mkono, na huo ni mkono wa shemeji.

Mkishuka, teremsha siti sentimita 5, pedali ziwe usawa, makalio nyuma ya siti. Punguza mwendo kabla ya kona, ndani ya kona achia. Usiburute breki moja mfululizo: bana ya mbele na nyuma kwa pamoja, achia, bana tena, ili rimu ipate hewa. Kila dakika 10 simameni wote, sogeza kidole karibu na rimu. Joto likikufikia kabla hujagusa, kaeni mpaka lipoe, kwa sababu joto hilo ndilo linaloyeyusha gundi ya kiraka ulichobandika jana. Bakini kushoto na msikilize magari yanayopanda, maana kwenye kona zile dereva hakuoni mpaka mko uso kwa uso.